Malisho Yanapokauka: Habari Fupi ya Msaada wa Serikali kwa Wafugaji

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu, wenzetu wamepewa kazi ya kuandika habari za mizani, maghala na bei za mazao. Sisi tumeombwa kuandika habari ya majani. Huenda msomaji wa milimani, aliyezoea kahawa na mahindi, akaona neno hili ni dogo mno kupewa kurasa zake. Mwanachama wa bonde la Ziwa Rukwa hataona hivyo, maana yeye ajua ya kuwa ng'ombe haanzi kufa siku anapoanguka. Huanza kufa siku malisho yanapokwisha.

Swali tulilopewa ni hili: tangu zamani hata leo, Serikali imemsaidiaje mfugaji aliyepotewa na malisho? Tumeipitia historia ya nchi yetu na ya majirani, na kila tulipopita tumekuta jambo lile lile. Serikali, iwe ya wageni ama ya wananchi wenyewe, hutoa msaada kwa kile kilichohesabiwa. Kisichohesabiwa hupewa pole.

Nchi yetu na majani yake

Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, una nchi mbili ndani yake. Iko nchi ya juu, yaani uwanda wa Mbozi na milima ya Ileje, yenye mvua ya kutosha na mashamba yaliyokaribiana. Tena iko nchi ya chini, ya Momba na ya Wilaya ya Songwe, inayoteremka mpaka mbuga za Rukwa. Ziwa hilo lina kina kifupi, halina mto wa kutolea maji, na tangu kale limekuwa likipanuka na kupungua. Maji yakipanda huzamisha malisho, na yakishuka huacha mbuga tupu. Kwa hiyo mfugaji wa bondeni aweza kupotewa na majani kwa njia nne: jua, maji, moto na nzige.

Watu wa kale walikuwa na bima yao. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa jamaa na marafiki waliokaa mbali, ili kiangazi kikali ama ugonjwa ukiingia upande mmoja, upande wa pili ubaki na mbegu. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980, wafugaji Wasukuma walipohamia bonde la Rukwa na kukaa pamoja na Wanyamwanga, Wawanda na wenyeji wengine, nao walikuja na desturi ya namna hiyo. Lakini bima hiyo yahitaji nchi pana. Mashamba yalipoongezeka, hifadhi zilipowekewa mipaka na mifugo ilipozidi, mahali pa kupeleka ng'ombe wa akiba palipungua mwaka hata mwaka.

Sotoka na nzige

Msiba mkubwa wa kwanza unaokumbukwa na wafugaji wa Afrika ya Mashariki ni sotoka. Uliingia mwanzo wa miaka ya 1890 na kuua sehemu kubwa mno ya ng'ombe, kisha ukaendelea kusini hata ukavuka mto Zambezi mwaka 1896. Wakati huo hapakuwa na serikali yenye nguvu wala nia ya kumlipa mtu. Waliopoteza mifugo walijitafutia wenyewe, na mahali pengi mbuga zilizoachwa bila ng'ombe zikamea vichaka na kuingiwa na mbung'o.

Miaka ya mwisho ya 1930 sotoka ilipotishia tena kwenda kusini, serikali za wakati ule hazikukaa kimya. Katika nchi iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambamo Tunduma yetu imo, ng'ombe walichanjwa kwa wingi na uzio ukajengwa kuwazuia wanyama wa porini wasivushe ugonjwa. Fedha ilipatikana kwa sababu hatari ilitishia nchi nyingi kwa pamoja, na kwa sababu ng'ombe wa kuchanjwa walihesabika. Kazi iliyoendelea baada ya hapo, pamoja na chanjo bora iliyotengenezwa Muguga nchini Kenya, iliufikisha ulimwengu mwaka 2011, sotoka ilipotangazwa kuwa imekwisha duniani.

Adui wa pili alikula majani yenyewe. Nzige wekundu huzaliana katika mbuga zenye mafuriko ya msimu, na bonde la Rukwa ni mojawapo ya makao yao ya asili. Baragumu kubwa la nzige hao lilipigwa mwaka 1930 na halikunyamaza mpaka mwaka 1944, nao wakaenea sehemu kubwa ya Afrika ya kati na kusini. Baadaye serikali kadhaa zikapatana, na mwaka 1949 pakaundwa shirika la kimataifa la kuwazuia, makao yake yakiwa Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 kazi hiyo imeshikwa na shirika lenye makao yake Ndola, nchini Zambia.

Yafaa tutazame jinsi kazi hiyo ilivyofanywa. Watumishi wa shirika walikwenda mbugani na kuhesabu nzige kabla hawajaruka. Hesabu ikipita kipimo fulani, dawa hupigwa. Mwaka 2009, nzige walipozidi katika mbuga za Rukwa, Ikuu-Katavi na Malagarasi, walipigwa kwa dawa iliyotengenezwa kwa kuvu, isiyowadhuru ndege wala samaki, na wimbi likazuiliwa kabla halijafika mashambani. Huo ulikuwa msaada wa kweli kwa malisho yetu, ingawa aghalabu ulitajwa kuwa msaada wa kulinda mahindi. Ulikuja mapema kwa kuwa palikuwa na watu waliokwenda kutazama na kuandika.

Hesabu iliyoogopwa

Msomaji atauliza: ikiwa hesabu ndiyo mlango wa msaada, mbona wafugaji wengi hawapendi kuhesabiwa? Jibu lake limo katika historia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Tanganyika iliona ya kuwa nchi nyingi za mifugo zimechoka na udongo unachukuliwa na maji. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kupunguza ng'ombe. Katika Usukuma, mpango wa maendeleo ulioanza mwaka 1947 uliwataka wafugaji wauze sehemu ya mifugo yao kila mwaka, na Mbulu nako palikuwa na mpango wa namna hiyo. Palikuwa na mema ndani yake, kama vile kuchimba malambo na kutenga malisho. Lakini kwa mfugaji wa kawaida, mtu aliyekuja na daftari zizini alikuja kwa mambo mawili tu: kodi, ama amri ya kupunguza. Akajifunza kuficha. Nusu ya kundi ilipelekwa porini usiku, na idadi iliyotajwa ikawa ile itakayompendeza karani.

Baada ya Uhuru mambo hayakubadilika yote kwa mara moja. Huko Kondoa, mwaka 1979, mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibiwa na mmomonyoko. Majani yalirudi, nasi hatuwezi kukana. Lakini gharama ya kurudi kwake ilibebwa zaidi na wenye mifugo. Na katika miaka ya 2006 na 2007 wafugaji wa Usangu, jirani zetu wa Mbarali, walihamishwa ili kuokoa maji ya Ihefu, na wengi walipoteza mifugo njiani. Yaliyoonekana huko yalifanya hata wale wa mbali waliogope daftari.

Tunayasema haya bila nia ya kufufua manung'uniko. Twataka ndugu zetu maofisa wafahamu kwa nini mzee wa bondeni, aulizwapo ana ng'ombe wangapi, hujibu, "Wapo kidogo," akanyamaza.

Habari njema kutoka Shinyanga

Ipo hesabu nyingine iliyoleta heri. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa umefyekwa miti kwa miaka mingi, kwanza kwa kupigana na mbung'o, kisha kwa kilimo cha pamba, hata watu wakaufananisha na jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa msaada wa Norway. Wataalamu hawakuja na kitu kigeni. Waliikuta desturi ya Kisukuma iitwayo ng'itili, yaani eneo la malisho lifungwalo wakati wa mvua ili majani yakomae, kisha hufunguliwa katikati ya kiangazi kwa ng'ombe wa maziwa, ndama na wanyama dhaifu.

Mpango ulipoanza, ng'itili zilizojulikana zilifika hekta 600 hivi. Kufika mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Nyingine zilikuwa za mtu mmoja mmoja, nyingine za vijiji na vikundi. Mvua ilipokuwa haba, mwenye ng'itili alikuwa na akiba mbugani kama vile mkulima alivyo na akiba ghalani. Na kwa kuwa kila eneo lilipimwa na kuandikwa, mpango uliweza kuonyesha faida yake, ukaendelea kusaidiwa.

Ndugu zetu wengi wa bonde la Rukwa wametoka katika nchi hiyo, au wazazi wao walitoka huko. Elimu ya ng'itili haihitaji kuagizwa kutoka mbali. Imo katika nyumba zetu.

Ukame wa 2009 na kifuta machozi

Mwaka 1990 Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya kuratibu misaada ya maafa, na kazi hiyo ikawekwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa miaka mingi neno maafa lilimaanisha njaa ya watu, na msaada ulimaanisha mahindi. Kwa hiyo mfugaji aliyefilisika alipata kilo kadhaa za chakula kama mtu mwenye njaa, wala hakupata kitu kama mfugaji.

Ukame wa mwaka 2008 na 2009 katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro uliyabadili mawazo hayo. Mifugo ilikufa kwa wingi hata kaya nyingi zikabaki na zizi tupu. Baadaye Serikali ikaamua kuwapa mifugo ya kuanzia upya wale waliopoteza yote, na watu wakauita msaada huo kifuta machozi. Tunausifu uamuzi huo, kwa kuwa ulikiri ya kuwa mfugaji aliyepoteza kundi lake ni mtu aliyepoteza kazi yake.

Hata hivyo, tuutazame kwa jicho la mwanachama. Msaada ulikuja baada ya miaka kadhaa, ng'ombe wakiwa wamekwisha kuwa mifupa. Tena ulimlenga aliyebakiwa na zizi tupu. Basi tufikiri juu ya majirani wawili. Wa kwanza, alipoona majani yanaisha, aliuza ng'ombe zake 30 kwa bei ya kutupa ili aokoe 10. Wa pili alingoja mvua, nao wote 40 wakafa. Kwa kanuni ya kuhesabu mizoga, wa pili ndiye mwenye haki ya kufutwa machozi, na wa kwanza, aliyetumia akili, hana lake. Hapo ndipo palipo na kasoro. Daftari lilifunguliwa kwenye kifo, na ilifaa lifunguliwe kwenye malisho.

Wenzetu wamefanyaje

Nchini Kenya, mwaka 2010, wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi walianza huko Marsabit bima isiyohesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa nchi kutoka angani. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichopatanwa, mwenye bima hulipwa, hata kama ng'ombe zake wangali hai, ili anunue chakula cha mifugo ama ahame mapema. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya iliingia katika jambo hilo, ikaanza Wajir na Turkana, ikawalipia wafugaji maskini bima ya ng'ombe 5 kwa kaya, ama wanyama wengine wa kulingana nao. Katika ukame wa mwaka 2017 kaya zaidi ya 12,000 zililipwa. Bima hiyo ina upungufu wake: jicho la angani laweza kuona vichaka vya kijani ambavyo ng'ombe hali, na mfugaji akakosa malipo huku majani yamekwisha. Ndiyo maana kipimo cha angani chahitaji mtu wa chini wa kukisahihisha.

Huko Marekani, katika ukame mkuu wa mwaka 1934, serikali ilinunua ng'ombe zaidi ya milioni 8 kutoka kwa wafugaji waliokosa malisho. Waliofaa kuliwa waligeuzwa kuwa chakula cha maskini. Tangu sheria ya kilimo ya mwaka 2008, iliyothibitishwa kuwa ya kudumu mwaka 2014, mfugaji wa huko hulipwa sehemu ya gharama ya kulisha mifugo yake wilaya yake inapoingia katika kiwango fulani cha ukame kwenye ramani itolewayo kila wiki. Hapaswi kuonyesha mzoga. Hupaswa kuonyesha idadi ya mifugo yake na ekari za malisho yake. Nchi ile ni tajiri, nasi hatuwezi kudai kiasi kile kile. Lakini kuandika idadi na ekari hakuhitaji utajiri.

Tulipo leo

Je, sheria zetu zasemaje? Mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria ya maeneo ya malisho na vyakula vya mifugo, na nyingine ya utambuzi na usajili wa mifugo. Sheria ya menejimenti ya maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia Taifa hadi kijiji, pamoja na mfuko wa maafa. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho kwa mkulima ambaye shamba lake limeliwa na wanyamapori, na malipo yake huenda kwa ekari. Basi tembo akila mahindi, kipo kipimo. Jua likila majani, hatujakiona kipimo ambacho kikifikiwa mfugaji hupata haki yake pasipo kungoja huruma.

Lakini mlango umeanza kufunguka. Ruzuku ya mbolea ilipozinduliwa jijini Mbeya tarehe 8 Agosti 2022, mkulima aliyeandikishwa ndiye aliyeipata, na wengi wetu twakumbuka foleni za kujiandikisha. Mwezi Juni 2025, huko Bariadi, ilizinduliwa kampeni ya chanjo ya mifugo kwa ruzuku ya Serikali, pamoja na kuwavisha wanyama hereni za utambuzi. Kwa hiyo hesabu ya ng'ombe imeanza kuwa hesabu ya manufaa. Iliyobaki ni hesabu ya majani.

Na si hesabu ngumu. Ng'ombe mmoja wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 huhitaji kiasi cha kilo 6 za majani makavu kwa siku. Mwenye ng'ombe 50 huhitaji kilo 300 kwa siku, yaani tani 9 kwa mwezi. Ofisa anayesikia kwamba malisho yamekwisha husikia kilio. Akiambiwa ya kuwa kijiji fulani chenye ng'ombe 2,000 kimebakiwa na majani ya siku 20, na kwamba tani 12 zahitajika kila siku baada ya hapo, amepata barua aliyoweza kuipeleka mbele.

Wajibu wetu katika miaka kumi ijayo

Chama cha ushirika kimejengwa juu ya karatasi ndogo. Mkulima akileta kahawa ama ufuta hupimiwa na kupewa stakabadhi, na kwa stakabadhi hiyo hudai haki yake. Twaomba wanachama wafugaji wapewe heshima hiyo hiyo. Kila chama cha msingi chenye wafugaji kiwe na daftari la malisho, likitaja maeneo yaliyotengwa, ukubwa wake, idadi ya mifugo iyategemeayo, tarehe majani yalipoanza kupungua, mabua yaliyoko mashambani baada ya mavuno, na ng'ombe waliouzwa kwa sababu ya ukame pamoja na bei yao. Daftari hilo lithibitishwe na bwana mifugo wa kata, na nakala yake iwekwe kwa kamati ya maafa ya kijiji. Kila kijiji cha bondeni kitenge ng'itili yake kabla mvua hazijaanza, wala kisingoje kuambiwa.

Kwa ndugu zetu maofisa tuna ombi moja. Daftari hilo likifunguliwa mbele yenu, lisitumike kwanza kwa kodi wala kwa amri ya kupunguza mifugo. Mzee aliyeficha idadi kwa sababu ya mambo aliyoyaona ataitoa idadi ya kweli mara moja tu. Akidanganywa hiyo mara moja, wanawe hawatasema kweli tena.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Sisi tumeona mali hiyo ikipotea: sotoka ilipopita, nzige walipopita, na kiangazi kilipopita. Tunatumaini ya kuwa watakaoandika kitabu cha miaka ishirini ya Chama chetu watakuwa na habari ya kuandika katika ukurasa huu, ya kuwa majani yalikauka siku fulani, mahali fulani, ng'ombe walikuwa kadhaa, na msaada ulifika wangali wamesimama.